Ibelin: Filamu Iliyoniliza Mara Mbili kwa Kisa Kimoja

Itazameni. Nalitanguliza hilo kabla ya neno lolote, maana nimeimaliza usiku huu huu, kope bado zimevimba, na nikisubiri hadi kesho nitaanza kuyapima maneno. Filamu hii haitaki maneno ya kupimwa. Inaitwa The Remarkable Life of Ibelin, ni filamu ya hali halisi kutoka Norway, imeongozwa na Benjamin Ree, na ipo Netflix tangu Oktoba 2024. Januari ya mwaka huohuo ilipita kwenye tamasha la Sundance kule Marekani ikazoa tuzo mbili za dokumentari za kimataifa, ya watazamaji na ya uongozaji. Tuzo hizo nilikuwa nazijua. Lakini hakuna mtu aliyeniambia kwamba ningeangua kilio kwa sababu ya barua pepe. Barua pepe! Za watu nisiowajua, kwa wazazi nisiowajua, kuhusu kijana aliyefariki mwaka 2014.

Nitayataja yanayotokea ndani, na wala sitawaharibia, kwa kuwa filamu yenyewe haifichi kitu. Mats Steen anafariki, na anafariki mapema kabisa. Hapo ndipo mambo yanapoanza.

Mats alizaliwa mwaka 1989, akakulia Oslo. Mwanzoni tunamwona kwa jicho la baba yake, Robert, aliyekuwa akimrekodi kwa kamera ya nyumbani kama wazazi wafanyavyo: mtoto anacheza, anacheka, anahangaika huku na huko. Kisha unaanza kuona jambo. Anaanguka mahali ambapo watoto wengine hawaanguki. Anachelewa kuinuka. Madaktari wanaupa ugonjwa jina: Duchenne, maradhi ya kurithi yanayodhoofisha misuli, ambayo kwa kawaida huwapata wavulana. Mwili unashindwa kutengeneza protini inayoilinda misuli, basi misuli inaisha kidogokidogo, kwanza ya miguu, halafu ya mikono, hatimaye ya kupumua na ya moyo wenyewe. Kamera haina haja ya kutueleza. Picha zinafuatana tu, mwaka baada ya mwaka, na katika kila mkanda mtoto amekua, na mwili umepungukiwa na kitu kingine. Kuna kiti cha magurudumu. Baadaye kuna kiti kikubwa zaidi, cha umeme. Baadaye tena kuna kijana mwembamba, kichwa kimeegemezwa, vidole vichache ndivyo vinavyomtii, na mbele yake kuna kioo cha kompyuta.

Na hapo ndipo anapokaa. Miaka yake kumi ya mwisho, masaa yake ya gemu yanakadiriwa kufikia 20,000. Anashinda nayo, anakesha nayo. Wazazi wanaumia. Mama yake, Trude, na Robert wanamwona mtoto wao akiishi kwenye fleti ya chini ya nyumba yao, na kila wakimsogelea wanauona mgongo wa kiti na mwanga wa kioo. Mzazi gani wa Dar au Nairobi hataielewa hofu hiyo? Tena hofu yao ilikuwa na uzito zaidi: siku za mtoto wao zilikuwa zinahesabika, na waliona zinaliwa na gemu. Mats alipofariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25, msiba wao ulikuwa na jeraha la pili. Waliamini amekwenda bila kuonja urafiki, bila kupenda, bila kuacha alama kwa mtu yeyote.

Sasa shikilia kiti. Mats alikuwa na blogu, na wazazi walikuwa na nenosiri lake. Robert anaandika humo tangazo la kifo, anaacha anwani ya barua pepe endapo yupo atakayetaka kuwaandikia. Hakuwa akitarajia mengi. Kisha inaingia barua moja. Inaingia ya pili. Zinaanza kufululiza, nyingine ndefu, zimeandikwa na watu wanaolia, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, na zote zinamzungumzia mtu ambaye wazazi hawamfahamu. Alinisikiliza. Alinitoa kwenye giza. Bila yeye nisingefika hapa. Wazazi wameketi kwenye kochi wanasoma, na wanaambiwa na wageni habari za mtoto waliyemlea wenyewe, waliyemlisha kwa mikono yao, waliyeishi naye nyumba moja!

Nilisimamisha filamu hapo. Nilisimama, nikanywa maji, nikarudi.

Maana uhodari wa Ree uko hapa. Kwa muda wote wa mwanzo ametufanya tumtazame Mats kama wazazi walivyomtazama. Tumemwonea huruma. Tumesema moyoni, maskini kijana wa watu, maisha gani haya. Halafu anaurudisha mkanda nyuma na kuanza upya, maisha yaleyale, miaka ileile, ila safari hii kamera imeingia upande wa pili wa kioo. Na ile huruma yetu inatusuta.

Upande wa pili kuna Azeroth, ulimwengu wa gemu la World of Warcraft, lililotolewa na kampuni ya Marekani ya Blizzard mwaka 2004. Watu kutoka kila pembe wanaingia humo kwa wakati mmoja, kila mmoja na mhusika wake, wanatembea msituni, wanakaa baa, wanapigana na majitu. Mats humo aliitwa Ibelin: bwana wa kifua kipana, mpelelezi kwa kazi yake, mwenye maneno matamu. Alikuwa kwenye kikundi kiitwacho Starlight, cha watu kama 30, na kikundi hiki kilikuwa na utaratibu wa kuigiza. Hawakuwa wanapigana tu. Walizungumza kwa maandishi kama wahusika wao, walitaniana, waligombana, walioneana wivu, na mazungumzo hayo yalihifadhiwa. Ree alipata kurasa zipatazo 42,000 za maandishi. Fikirieni hilo! Miaka mingi ya urafiki wa mtu, neno kwa neno, nani alisema nini, nani alicheka, nani aliinuka akaondoka mezani. Kwa kurasa hizo, wasanii wa uhuishaji wameyajenga upya matukio kwa sura ya gemu lenyewe, na waigizaji wakayapa sauti.

Nilidhani ningechoka na vikatuni. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nyuso zile ni za kompyuta.

Tukio la kofia! Lazima niliseme. Ibelin amekaa zake, msichana mmoja anaruka kutoka kichakani, anampokonya kofia, anatimua mbio. Huyo ni Rumour, na nyuma ya Rumour yupo msichana wa kweli, tineja kule Uholanzi. Ibelin anamfukuza. Ndivyo walivyoanza, kwa utoto mtupu, na mambo yakaendelea kama yanavyoendelea kwa vijana wowote: mazungumzo marefu, zawadi ndogondogo, moyo kudunda. Mats mwenyewe aliandika jinsi alivyojisikia, na ukiyasikia maneno yake unamtambua kila kijana aliyewahi kupenda. Kisha, huku duniani, msichana anaporomoka. Masomo yanamshinda, wazazi wake wanalaumu gemu, wanamnyang'anya kompyuta. Anazama kwenye huzuni nzito, na marafiki zake wote wako mahali asipoweza kufika. Mats anafanya nini? Anawaandikia wazazi wa msichana barua. Barua ya heshima, ya mtu mzima, akiwaeleza kwa nini ile kompyuta ina maana kwa binti yao. Kijana ambaye kuandika sentensi moja kwake ni kazi ya misuli, anakaa anatunga barua nzima kwa wazazi wa mtu mwingine, katika nchi nyingine, ili rafiki yake asibaki peke yake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hapa anayefaa yumo kwenye dhiki kubwa kuliko ya anayefaliwa, na anayefaliwa hajui.

Baadaye msichana yule alichora picha ya Rumour na Ibelin wamekumbatiana. Inaonyeshwa kwa muda mfupi tu. Penseli, wahusika wawili, mikono imezunguka migongo. Nenda kaitazame.

Halafu anakuja mama mmoja wa Denmark na mwanawe mwenye usonji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo niliposhindwa kabisa. Kijana anajifungia, kutoka nje ya nyumba ni mlima kwake, na kuguswa na kukumbatiwa, hata na mama mzazi, ni jambo linalomtisha. Mama naye anacheza gemu hilohilo, yuko Starlight, na Ibelin ni msiri wake. Anamweleza uchungu wake. Na Ibelin, yaani Mats, ambaye kwenye fleti yake mikono haiwezi kuinuka imkumbatie mtu, ndiye anayewapa mama na mwana njia: kutaneni huku ndani. Kijana anaingia kikundini. Anapata watu. Na mama na mwana wanakumbatiana humo, wahusika wao wawili, kwa amri ya kibodi. Ukielezwa hivi unaweza kusema, ah, michoro miwili imesogeleana, kuna nini? Itazame. Msikilize mama akisimulia, halafu msikilize kijana. Sauti zao zikuambie kama kilichotokea kilikuwa mchezo.

Ninachoipendea filamu hii kuliko yote, hata hivyo, ni kwamba haimfanyi Mats malaika. Filamu ngapi tumeziona ambamo mtu mwenye ulemavu yupo ili wengine wajifunze kitu, anatabasamu, anavumilia, anakufa, na muziki unapanda? Mats hapewi nafasi hiyo. Anatongoza huku na huku mpaka watu wanaumizana. Maradhi yanapomzidi anakuwa mkali, anawarushia maneno marafiki wasiojua amekasirikia nini. Kikundi kinamchoka. Mama yule wa Denmark, aliyesaidiwa naye, anamkabili bila kupindisha na kumwambia ukweli. Nilishangilia, kwa kuwa kugombezwa na rafiki ni heshima pia. Mtu anayekuonea huruma hakugombezi. Hawa walimgombeza kwa sababu walimwona sawa nao, na kwa sababu walimtaka abaki.

Na wakati wote huo wanamwalika. Starlight walikuwa wakikutana ana kwa ana, na kila mara Mats ana udhuru. Simu ya video hataki. Kuzungumza kwa sauti hataki. Wanajiuliza: huyu bwana anaficha nini? Sisi tunajua. Tunataka kupiga kelele kwenye kioo, waambie!

Na hapa nitabishana na watu wengi watakaoitazama filamu hii wakasema kwamba uzuri wake ni kwamba gemu lilimpa Mats miguu. Kweli, Ibelin anakimbia. Alikuwa na desturi ya kukimbia humo Azeroth, akizunguka ulimwengu ule kila siku, na picha za mbio hizo ni nzuri ajabu: ardhi inapita, mwanga unabadilika, mwili hauchoki. Lakini kilele cha filamu, kwangu mimi, hakimo kwenye mbio. Kimo mwaka 2013, Mats anapoanza kuandika waziwazi kwenye blogu yake kuhusu mwili wake, maradhi yake, kiti chake, na marafiki wanaanza kujua. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba wakijua watamtazama kwa lile jicho analolijua toka utotoni. Anajivua. Na hawakuondoka. Walimsogelea zaidi. Urafiki ule haukuhitaji Ibelin awe na miguu, na Mats aliwahi kuliona hilo kabla hajafa. Laiti filamu ingekaa hapo muda mrefu zaidi! Ingepunguza nusu ya mapigano na majitu, ikatuachia usiku mmoja zaidi wa mazungumzo ya baada ya siri kutoka.

Muziki nao mahali pengine unanisukuma nilie wakati nilishakuwa ninalia. Na nilijiuliza kuhusu zile kurasa 42,000, kama marehemu angependa zifunguliwe. Wazazi wameridhia, marafiki wameridhia na wamekaa mbele ya kamera wakisema kwa majina yao, na Mats mwenyewe alichagua kuweka maisha yake hadharani kwenye blogu. Kwangu hilo limetosha. Jambo la kampuni ya gemu ndilo linalofurahisha: Ree alitengeneza sehemu kubwa ya filamu kabla ya kupata ruhusa ya Blizzard kutumia ulimwengu wao, kisha akaenda kuwaonyesha wakuu wao. Mwenyewe amesimulia kwamba walikuwa wanalia. Ruhusa ikatoka.

Lipo jambo lingine ambalo filamu inalipitia haraka na mimi sikuweza kulipita. Mats alikuwa na wahudumu wa kupokezana usiku na mchana. Alikuwa na vifaa vilivyorekebishwa ili vidole vyake dhaifu viweze kuendesha kompyuta. Umeme haukatiki katikati ya sentensi. Hayo yote yalikuwa mlango alioutumia kutoka. Nilikuwa nikimfikiria kijana mwenye Duchenne aliyeko Mbeya au Kitale, mwenye ucheshi uleule, akili ileile, moyo uleule wa kuandikia wazazi wa watu barua, na amelala chumba cha uani akimsubiri ndugu arudi kutoka kazini amgeuze ubavu. Kipaji cha urafiki anacho. Kifaa cha kumfikisha kwa marafiki ndicho hana. Wanaopanga bajeti za afya na elimu waitazame filamu hii kwa makini, sehemu ya vile vifaa vya mkononi hasa.

Mazishi, sasa. Marafiki wa Starlight wanakuja Oslo kutoka nchi zao, watu ambao Robert na Trude hawajawahi kuwaona, na wazazi wanawapokea kama watu wa nyumbani, kwa kuwa hawa ndio walioishi na mtoto wao. Jeneza limefunikwa bendera ya Starlight. Mmoja wao anasimama kuzungumza, anaeleza kwamba saa hiyo hiyo mshumaa unawashwa kwa ajili ya Mats shuleni Uholanzi, kwenye kituo cha simu Ireland, kwenye maktaba Sweden, kwenye saluni ndogo Finland, kwenye ofisi ya serikali ya mitaa Denmark. Saluni, maktaba, ofisi: sehemu za kazi za watu wa kawaida kabisa, wanaosimamisha kazi kwa ajili ya mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumshika mkono. Nimehudhuria misiba mikubwa yenye magari marefu na wasemaji wa kuandikiwa. Sijawahi kuona heshima kama hii.

Na Robert analia, baba aliyeamini mtoto wake hakuwa na mtu. Analia kwa namna mbili kwa pamoja, kwa aliyempoteza na kwa aliyempata. Mtazame usoni, hakuna mwigizaji angeweza hilo.

Kwa wanaoitafuta: mazungumzo ni ya Kinorwe na Kiingereza, washeni manukuu. Msiitazame kwenye simu mkiwa kwenye daladala, vitu vingi vimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kioo cha gemu na utavikosa. Wenye watoto wanaoshinda kwenye kompyuta, itazameni nao, kisha waombeni wawaonyeshe wahusika wao na wawatajie majina ya watu wanaocheza nao. Mimi Jumamosi nairudia, na safari hii ninamleta binamu yangu, yule tunayempigia kelele kila siku atoke chumbani. Nimeshamtumia ujumbe. Amejibu kwamba Ibelin anamfahamu muda mrefu, na kwamba alikuwa akisubiri mmoja wetu aulize.